NeST haimjui mjomba wako

Wiki hii tuyaweke kando kidogo mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, tuongelee mkwanja. Simaanishi mkwanja wa kubeti, ambao unaingia kwa mlango na kutokea dirishani siku hiyohiyo. Namaanisha mkwanja wa halali, tena kutoka kwa mteja mkubwa kuliko wote hapa Bongo. Mteja huyo ananunua madawati, chaki, vitanda vya wagonjwa, sare, maandazi ya semina, matairi, rangi na hata huduma ya kufagia ofisi. Mteja huyo ni Serikali.

Pita kijiwe chochote cha Dar, Mwanza au Mbeya ulitaje neno "tenda" uone kitakachotokea. Wa kwanza atacheka, wa pili atasonya, wa tatu atakwambia: "Achana nazo hizo, zile zina wenyewe." Ukimbana akwambie hao wenyewe ni akina nani, atakutajia mwenye mjomba wizarani, mwenye shemeji kitengo cha manunuzi na mwenye kuzunguka na briefcase isiyo na kitu ndani zaidi ya bahasha.

Jamani, tusiwacheke wanaosema hivyo, maana hawakuota. Zamani tangazo la tenda lilikuwa linabandikwa ubaoni au linatoka kona ya gazeti, ukichelewa siku mbili limekupita. Halafu unanunua kabrasha kwa pesa isiyorudi. Unapiga kopi, unatia kwenye bahasha, unaipiga lakiri, unaipeleka kwa mkono na kuitumbukiza kwenye sanduku kabla saa haijagonga. Kama wewe ni mtu wa Songea na sanduku liko Dar, hapo weka nauli na gesti. Kabla hata hujashindana na mtu umeshachoka, mfuko umeshatoboka. Jirani wa sanduku yeye anakunywa chai tu.

Sheria zimepita nyingi. Ilikuwepo ya 2001, ikaja ya 2004 iliyotuletea PPRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, ikafuata ya 2011. Hii tunayokwenda nayo sasa ni Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024. Katikati hapo ukaletwa mfumo wa kompyuta ulioitwa TANePS, nao ukapumzishwa. Julai 2023 ikaanza NeST, mfumo uliojengwa na wataalamu wetu wenyewe wa hapa nyumbani, na tangu Oktoba 2023 taasisi za umma zinatakiwa kufanyia manunuzi yao humo. Wizara, halmashauri, hospitali ya mkoa, chuo, wote humohumo.

Sasa hiyo NeST ni mdudu gani? Ichukulie kama gulio kubwa la mtandaoni. Upande mmoja wamekaa wanunuzi, wanaoitwa taasisi nunuzi, na upande wa pili wamekaa wauzaji, ndio wazabuni. Mnunuzi anatangaza anachotaka, kiasi gani na mwisho lini. Muuzaji anajaza majibu na bei yake humohumo. Muda ukifika mfumo wenyewe unafunga mlango. Ukichelewa dakika moja umechelewa, hata kama mjomba wako ni nani. Bei za watu hazionekani mpaka saa ya kufungua. Hakuna bahasha ya kufunguliwa kwa mvuke wa birika usiku.

Na uzuri wake, kuchungulia ni bure. Ingia nest.go.tz kwa simu yako hiyohiyo unayoangalizia vichekesho, utaona tenda zilizotangazwa na mikataba iliyokwisha kutolewa. Kabla hujasema zina wenyewe, kaangalie kwanza ni akina nani walioshinda wiki hii na kwa bei gani. Baba zetu hawakuwahi kupata nafasi ya namna hiyo.

Haya, sasa sikiliza jambo lenyewe. Sheria inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa ajili ya makundi maalum. Makundi hayo ni vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Maana yake, katika kila shilingi mia ya manunuzi, thelathini inatakiwa ishindaniwe na watu kama mimi na wewe, bila kusukumana na tajiri mwenye maghala matatu Kariakoo.

Hapo kijana wa mjini ataniuliza, "Sasa wewe, hiyo thelathini mbona mtaani kwetu haijafika?" Swali zuri. Jibu lake lina vipande viwili, na kipande cha pili wengi hawapendi kukisikia.

Kipande cha kwanza ni makaratasi. Tuseme wewe na wenzako wanne ni maseremala pale Keko. Kazi mnaijua, kitanda mnachotengeneza kinazikwa na mwenyewe. Lakini mbele ya mfumo ninyi hamjazaliwa bado. Ili mzaliwe mnatakiwa muwe kikundi chenye jina, katiba, viongozi, akaunti ya benki na namba ya mlipa kodi. Mnakwenda halmashauri kwa afisa maendeleo ya jamii, ndiye anayewatambua kuwa ni kikundi cha vijana kweli na si kikundi cha kwenye daftari. Vitambulisho vya NIDA viwepo, majina yafanane. Kama NIDA inasema Juma na TIN inasema Jumaa, kaa ukijua umejitafutia safari za bure, kwa sababu mifumo ya Serikali siku hizi inasomana.

Mkishatambulika mnajisajili kwenye NeST na kuchagua aina ya biashara. Hapa ndipo watu wanapochemsha mapema. Mtu anajiona mjanja, anataka asajiliwe kwa kila kitu, kuanzia samani hadi vyakula na ukarabati wa barabara. Wewe ni fundi mbao, chagua mbao. Siku utakayoulizwa uzoefu wako wa kupika pilau la watu mia mbili utajibu nini?

Ada zikiwepo unapewa kontrol namba, unalipa kwa simu au benki, basi. Pesa ya NeST haipokelewi mkononi. Mtu akikwambia "nipe mimi nitakulipia ndani", huyo anataka nauli yake.

Na hapo ndipo wanapoingia mabwana wakubwa wa siku hizi, vishoka wa mtandao. Kishoka wa zamani alikuwa anakaa nje ya geti la ofisi na mkoba wa plastiki. Wa leo ana kompyuta, mashine ya kuprinti na kikombe cha kahawa. Unamwendea akusajili kwa sababu unaogopa Kiingereza cha kwenye kioo. Anakusajili kweli, tena kwa dakika chache. Ila barua pepe aliyoweka ni yake, namba ya simu ni yake na paswedi, au nywila kama wanavyoiita wasomi, anaijua yeye peke yake. Mwaliko wa tenda ukija unaingia kwake. Ufafanuzi ukitakiwa anaulizwa yeye. Ninyi mko Keko mnapiga randa mkisema Serikali imewasahau, kumbe inawaita kila siku, anayeitika ni mwingine.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni rahisi. Msaada wa kujaza fomu omba, mlipe mtu jasho lake, hakuna ubaya. Lakini barua pepe iwe ya kikundi, simu iwe ya kikundi, na paswedi ibadilishwe mara tu mkitoka pale. Paswedi ya NeST si kama ya kwenye simu ya mchumba wako kwamba ikijulikana mtanuniana wiki moja. Hiyo ni sahihi yenu. Kinachotumwa kwa paswedi hiyo mmetuma ninyi, na ikifika mahali pa kujibu mtajibu ninyi.

Sasa tuje kwenye kipande cha pili, kile kisichopendwa.

Kuna bwana mmoja anayezunguka vijiweni. Sitamtaja jina kwa sababu hana jina moja, yuko kila mji. Anakuja na gari zuri, anaagiza soda kwa wote, halafu anatoa hotuba: "Vijana, mimi nina mtaji, ninyi mna usajili. Nipeni jina la kikundi niombe tenda. Kazi nitafanya mimi, ninyi nitawaachia laki tano mgawane. Hamtainua hata nyundo." Vijana watano wanaangaliana. Laki moja moja, bila jasho, soda juu. Nani akatae?

Kataa wewe.

Hebu tuipige hesabu taratibu. Ile asilimia 30 iliwekwa ili kijana apate pa kuanzia, ajenge jina, kesho aende kushindana na wakubwa. Bwana yule hawezi kuingia kwenye fungu hilo kwa sababu si kijana wala si kikundi. Kwa hiyo anavaa sura zenu. Kwenye taarifa itaandikwa kwamba vijana wa Keko wamepata tenda ya mamilioni. Atasimama kiongozi jukwaani aseme vijana wamewezeshwa. Kumbe walichopata ni soda na laki moja moja.

Hayo tisa. Kumi ni kwamba mkataba una jina lenu. Akipeleka madawati ya mbao mbichi yakapinda baada ya mwezi, walioshindwa kazi ni ninyi. Akighushi karatasi, mlioghushi ni ninyi. PPRA ina uwezo wa kumfungia mzabuni asishiriki tena kwenye tenda za umma, na akifungiwa jina lake linabandikwa waziwazi. Bwana wa soda wala halitamgusa, atahamia kikundi kingine mtaa wa pili. Kodi nayo itawatafuta ninyi, maana TIN ni yenu na malipo yalionekana kuingia kwenu. Unauza jina kwa laki moja, halafu unakaa miaka unalinunua upya. Mtu mwenye akili zake timamu hawezi kufanya biashara hiyo.

Ndiyo maana nasema wanaotuzibia njia siku hizi si wakubwa wa maofisini peke yao. Mlango wa nyuma wa ofisini umebanwa kidogo, tukaenda wenyewe kufungua mwingine kijiweni kwetu, tena kwa bei ya kutupa.

Najua kuna atakayesema, "Wewe unaongea tu, mtaji wa madawati mia tunautoa wapi?" Hapo una hoja, wala sikuzungushi. Tupige hesabu ya mfano, uone kwa nini tenda inaweza kukutajirisha au kukuua.

Tuseme halmashauri inataka madawati 100. Moja linakugharimu shilingi 70,000 kwa mbao, misumari, rangi na ufundi. Wewe unaandika bei ya 90,000, unashinda, unaruka juu. Jumla ni milioni 9. Toa gharama ya kutengeneza, milioni 7. Toa lori la kuyapeleka na watu wa kushusha, tuseme laki sita. Halafu kuna kitu ambacho wengi wanakisahau: ukiiuzia Serikali bidhaa inakata asilimia 2 ya kodi ya zuio kabla haijakulipa. Kwa huduma ni asilimia 5. Kwa hiyo kwenye milioni 9 toa 180,000, na udai hati yake kwa sababu hiyo ni kodi uliyokwisha kulipa, utaihitaji mbele ya TRA. Umebakiwa na 1,220,000. Si haba, au siyo?

Subiri. Ile milioni 7 ya kuanzia ulikuwa nayo? Hukuwa nayo. Ulikuwa na mbili, tano ukakopa kwa jamaa wa mtaani kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Madawati umepeleka, kamati ya kupokea mzigo imekagua, umeleta invoisi na risiti ya EFD. Malipo yakachelewa miezi mitatu. Riba ni laki tano mara tatu, milioni moja na nusu. Faida yako ilikuwa 1,220,000. Umeshinda tenda, umefanya kazi nzuri, umesifiwa na mwalimu mkuu, na umepata hasara ya 280,000. Nyumbani wanakuuliza pesa ya tenda iko wapi, unatazama dari.

Sasa je, tukimbie? Hapana, tuwe wajanja. Jambo la kwanza, muda wa kusubiri malipo nao ni gharama, uweke kwenye bei yako kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma. Usiandike bei ya chini kwa hofu ya kushindwa, maana aliyeshinda kwa hasara amejifunga kamba mwenyewe. Jambo la pili, anzeni na tenda ndogo mnayoweza kuibeba. Meza kumi za ofisi ya kata zinawatosha kuanzia, na cheti cha kazi mliyoimaliza salama kina thamani kuliko tenda ya mia mliyoikimbia katikati.

Jambo la tatu, kuna mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarudishwa 2024, na haina riba. Rudi kwenye hesabu yetu ya madawati uondoe riba ya jamaa wa mtaani, utaona ile 1,220,000 inabaki mkononi hata malipo yakichelewa. Na afisa wa kumwona ni yuleyule wa maendeleo ya jamii aliyewatambua kikundi chenu. Safari moja, mambo mawili.

Sasa nisije nikaonekana nimeajiriwa kuisifia kompyuta. Mfumo una macho lakini hauna moyo. Mtu akitaka kuharibu ataharibu kabla tenda haijaingia mtandaoni. Vigezo vinaweza kuandikwa kama suti iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja: uzoefu wa miaka mingi, mtaji mkubwa, mashine ya aina fulani, kwa kazi ya kutengeneza mabenchi tu. Wazabuni nao wanaweza kukutana hotelini wakapangiana bei. Na mtandao ukikatika saa mbili kabla ya muda kufungwa, kilio ni chako. Usingoje siku ya mwisho. Mtu wa kungoja siku ya mwisho atabishana na duara linalozunguka kwenye kioo mpaka alfajiri.

Lakini tofauti na zamani, sasa nyayo zinabaki. Aliyeingia ameonekana, aliyetuma ameonekana, na saa ni ya mfumo, si ya mzee wa sanduku. Ukiona umeonewa usiende kijiweni kulalamika ukapewa pole na kashata. Taasisi inapotaka kumpa mtu kazi inatakiwa kwanza iwajulishe walioshiriki kusudio lake. Hapo ndipo pa kusema. Unaandika malalamiko yako kwa afisa masuuli wa taasisi hiyo, usiporidhika unakwenda PPAA, yaani Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Siku za kulalamika ni chache na zinahesabiwa, kwa hiyo soma ujumbe wako mapema. Na utausomaje kama barua pepe ni ya kishoka? Unaona tulikotoka?

Dada zangu wa mama lishe, nanyi msidhani haya ni ya wanaume wenye randa. Semina zinakula, wagonjwa wanakula, wanafunzi wa bweni wanakula. Kikundi cha wanawake kumi wenye sufuria safi na hesabu safi ni kampuni. Kinachokosekana ni karatasi na mtu mmoja kati yenu asiyeogopa kioo. Kama kwenye kikundi kuna binti aliyemaliza fomu foo na yuko nyumbani anasubiri ajira, mpeni kazi ya ukarani wa mtandao. Kila asubuhi afungue, asome, awaeleze. Mlipeni. Hiyo ndiyo ajira aliyokuwa anaingoja.

Kwa hiyo, mshikaji, wiki hii nakupa kazi ya nyumbani. Usisajili chochote bado. Fungua ile tovuti, tafuta vitu vitatu unavyoweza kutengeneza au kuuza, uone wanavinunua kiasi gani na nani amevipata. Jumamosi kaa na wenzako, pigeni hesabu ile ya madawati kwa bei zenu wenyewe, muweke na miezi ya kusubiri. Ikilipa, Jumatatu asubuhi mkamwone afisa maendeleo ya jamii mkiwa na vitambulisho vyenu.

Na yule bwana wa soda akija, soda kunyweni. Jina msimpe.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.